Mwendo wa Maghanga

Mume wangu akiumwa na mgongo anajua sheria ya nyumba yetu. Dawa ya kuchua anajipaka nje, kule nyuma karibu na tangi la maji, na haingii ndani mpaka harufu ipungue. Mwanzoni alidhani namfanyia mzaha. Siku hizi anachukua kichupa chake anatoka, na majirani wakimwona amesimama pale kifua wazi wanacheka tu. Nilimwambia harufu ile inanichefua, naye akaridhika na jibu hilo. Ukweli ni kwamba inanirudisha Voi, kwenye chumba cha kaka yangu, msimu ule ambao timu ya chuo chake ilikuwa haishindiki, na mimi huko sitaki kurudi.

Ila nimefika umri ambao mtu harudi kwa kutaka. Wenzangu wa rika langu mnanielewa. Wazazi wameanza kututoka, na kila tukimzika mmoja tunabaki na maswali ambayo hakuna tena wa kuyajibu. Baba nimemzika juzi, kule Mghange, kijijini kwetu milimani. Watu walikuwa wanaimba, kasisi anasoma, shangazi zangu wanalia vizuri kama inavyotakiwa, na mimi niliyetoka kiunoni mwake nilikuwa nimesimama pale nawaza raga.

Tulikuwa tunakaa Mwakingali, mtaa wa Voi. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba chini ya mabati yaliyopauka. Alitengeneza milango, vitanda, na wakati mwingine majeneza, ambayo Mama hakupenda nicheze karibu nayo. Maghanga alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba, na kati yetu kulikuwa na watoto wawili ambao Mama aliwazika kabla sijazaliwa. Kwa hiyo tulibaki wawili, na Mama alitulinda kama mtu aliyebeba trei la mayai sokoni. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Maghanga alikuwa chuoni akisomea umeme, na alikuwa mrefu hadi akiingia jikoni anainamisha kichwa.

Chuo chenyewe kilikuwa cha ufundi, upande wa pili wa reli. Watu walienda pale kujifunza umeme, kushona, kuchomelea vyuma. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba kina timu ya chochote. Mwalimu Kilonzo, aliyefundisha kuchomelea, ndiye aliyeanzisha raga, na milingoti ya goli aliifanya kuwa mtihani wa wanafunzi wake: waliichomelea kwa mabomba ya maji yaliyotupwa. Mmoja ulikuwa umepinda kidogo, na mpaka mwisho wa msimu hakuna aliyeunyoosha. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu mtupu na miiba. Kabla ya mazoezi wachezaji walijipanga mstari mmoja wakatembea wameinama, wakiokota miiba kama watu wanaopalilia. Wakijigaragaza pale jioni nzima wanatoka wamepakwa rangi ile ile ya ndovu wa Tsavo, na ndiyo maana wakajiita Ndovu.

Kwa asiyeujua mchezo ule, mpira wake umechongoka kama yai la mbuni. Unaukumbatia kifuani unakimbia, na wapinzani wana ruhusa ya kukurukia na kukuangusha chini. Ukifika mwisho wa uwanja na kuulaza mpira ardhini, hiyo inaitwa trai, na watu wanapiga kelele. Mama alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza, "Na huyo anayekurukia hashtakiwi?" Maghanga alicheka mpaka akakaa chini.

Watu wa Voi waliwacheka Ndovu mwanzoni, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu Ndovu walianza kushinda. Walimshinda huyu, wakamshinda yule, wakaenda ugenini wakarudi wameshinda. Nadhani mji wetu ulikuwa umechoka kuwa mahali pa kupita tu. Malori yanapita, watalii wanapita kwenda kuona wanyama, treni inapita, kila mtu ana mahali pengine anakokwenda. Sasa ghafla watu walikuwa wanakuja Voi makusudi, wanashindwa, wanaondoka wameinamisha vichwa. Wanaume waliokuwa hawajui raga ni kitu gani walianza kugombana kuhusu nani apangwe wapi. Bi Zuhura, jirani yetu mwenye duka, mtu wa asili ya Mombasa, alikuwa akimwona Maghanga anapita anamwita: "Njoo mwanangu, chukua mahamri ya moto, usile mkate wa jana na wewe ndo unaotupa heshima." Na mimi nikipita na kaka yangu napata langu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tena, nasema hivyo bila aibu.

Baba ndiye hakufurahi. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Alikuwa anazeeka, macho yanaanza kumsumbua, na alitaka mtoto wake wa kiume ashinde karakanani jioni baada ya masomo. "Mchezo utaisha," alisema, "mbao hazitaisha." Aliapa kwamba hatakanyaga uwanja ule. Maghanga alichukua viatu vyake akaenda mazoezini.

Mechi ninayoikumbuka kuliko zote si fainali. Ni ile ya chuo kimoja cha Mombasa, vijana wenye jezi zilizopigwa pasi na basi lao wenyewe. Nilienda na Bi Zuhura, tukakaa kwenye mkeka wake pembeni mwa uwanja. Katikati ya mechi nikageuka, nikamwona Baba. Alikuwa amesimama nje ya ua wa waya, ameshika baiskeli yake yenye mbao nyuma, amejifanya anapita tu.

Jamaa mmoja mnene wa Mombasa alikuja na mpira, na Maghanga akainama kumwangusha. Goti la yule jamaa likakutana na kichwa chake. Mlio niliusikia kutoka pale mkekani. Wote wawili wakaanguka, mpira ukabiringika. Maghanga alilala kidogo, akainuka, akauokota, akakimbia nao hadi mwisho akaulaza chini. Uwanja mzima ulisimama.

Kisha akafanya kile kitu. Badala ya kurudi kwa wenzake, aligeuka akaelekea upande wa watu wa Mombasa. Magoti yalikuwa yanamlegea, mkono mmoja umening'inia, mwingine umeinuka kidogo pembeni kama mtu anayepapasa ukuta. Alipiga hatua tatu huku, mbili kule, akauzunguka mlingoti uliopinda, akaenda akakaa kwenye benchi la wapinzani katikati ya wachezaji wao wa akiba. Watu walikufa kwa kicheko. Walijua anawakejeli. Bi Zuhura alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Tazama mbwembwe zake mtoto huyu," alisema. "Kawafuata kuko huko kwao." Mimi niligeuka kumtazama Baba, nikamwona ameilaza baiskeli chini, mbao na zote, anapiga makofi.

Mechi ilipokwisha nilikimbia kwenye waya. Baba alikuwa amemwita Maghanga, na mimi nilifika nikasikia kwa masikio yangu. "Umecheza vizuri," Baba alimwambia. Hakuwahi kusema hivyo. Halafu, nadhani kwa kuona haya, akaongeza haraka, "Ukitoka hapa pitia kwa yule mama wa hoteli karibu na stesheni, unichukulie vipimo vya mlango wake. Anangoja leo." Maghanga aliitikia kwa kichwa. "Sawa, Baba."

Jioni tulipoketi kula, Baba alimuuliza, "Vipimo viko wapi?"

"Vipimo gani?"

"Vya mlango. Nilivyokuagiza pale uwanjani."

Maghanga alimtazama kama mtu anayetafuta jina la mgeni. "Baba, wewe hukuja uwanjani."

Mama alicheka, akidhani ni utani wao. Mimi nikasema, "Alikuja, mimi nilimwona." Maghanga aliniambia ninyamaze, nisianze kumtetea Baba kwa uongo, na hakuwahi kuniongelesha kwa sauti ile.

"Nilikuja," Baba alisema polepole. "Tumeongea."

"Hukuja. Wewe huwa huji."

Baba aliangalia ugali wake. Nafikiri mkimweka mtu mzima mahali pale mtaelewa. Amemeza kiburi chake, ameapa akavunja kiapo, amempigia mtoto makofi mbele ya watu, amemsifu kwa mdomo wake, na mtoto anamkana mezani mbele ya mama yake. "Sawa," alisema. "Sikuja." Akanawa mikono akatoka. Tangu jioni ile hakumsemesha tena Maghanga. Akiwa na neno alinipitishia mimi: mwambie kaka yako alete msumeno, mwambie kaka yako afunge mlango. Na Maghanga amesimama pale pale.

Kesho yake Maghanga aliamka kichwa kinamuuma. Alijipaka dawa ya kuchua kwenye paji la uso, kwenye shingo, nyuma ya masikio, mpaka chumba kizima kikawa kinawasha macho. Alilala na pazia limefungwa na leso ya Mama iliyoloweshwa maji imemfunika uso. Watoto wa mtaa walikuja kumwona shujaa wao, akawafukuza. Mimi niliwaeleza pale nje, kwa maringo makubwa, kwamba kaka yangu sasa ni staa, na mastaa hawapendi kuangaliwa ovyo. Alianza kuchelewa kujibu. Unamuuliza kitu, anakaa, anakaa, halafu anajibu kingine. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Siku moja nilimkuta ameketi kitandani analia kwa sababu kamba ya kiatu imekataa kufungika. Yote hayo niliyaweka kwenye ustaa. Nilidhani ndivyo watu wakubwa wanavyobadilika wakishangiliwa.

Na kule shuleni tulikuwa na mchezo mpya. Uliitwa mwendo wa Maghanga. Unalegeza magoti, unaning'iniza mkono mmoja, mwingine unapapasa hewa, unaenda hatua tatu huku, mbili kule. Ukifunga bao kwenye kandanda unauweka, ukishinda kwenye kamba unauweka, ukipata hesabu zote sahihi unauweka ukirudi kwenye dawati. Ulitoka shuleni kwetu ukaenda kwa wengine. Niliona watoto nisiowajua karibu na soko wakitembea hivyo, na hata makondakta wa stendi. Mimi nilikuwa bingwa wake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu, na kwa sababu ni damu moja.

Hakuna aliyekaa kimya, hilo nataka mlijue. Maghanga alienda zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa anywe maji mengi, jua la Voi si mchezo. Mwalimu Kilonzo alikuja nyumbani kwa miguu, akaketi kwenye kiti bila mgongo kule karakanani. "Maghanga, niambie ukweli," alisema. "Uko sawa?" Kaka yangu akamjibu yuko sawa, ni uchovu tu. Mwalimu akamwambia apumzike, asije mazoezini mpaka ajisikie vizuri. Fainali ilikuwa bado mbali kidogo. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningekuwa nalala vizuri zaidi, lakini nikiwapanga wote mmoja mmoja sioni hata mmoja ambaye hakumpenda.

Ndipo Nyanya, mama yake Baba, akateremka kutoka Mghange na mkungu wa ndizi. Aliingia chumbani kwa Maghanga, akaiondoa ile leso, akamtazama muda mrefu. Akatoka nje, akaketi, akauliza swali ambalo Mdawida yeyote wa umri wake, mtu wa kabila letu, angeuliza.

"Nani ana neno na huyu mtoto moyoni?"

Mama alimwangalia Baba, na Baba alikuwa anapiga randa ubao uliokwisha kunyooka.

Kwetu wanasema kinyongo cha mtu wa karibu, hasa mzazi, kina nguvu zake chenyewe. Si uchawi. Mzazi hahitaji hata kukutakia mabaya. Akikasirika akameza, akanyamaza nayo, ile hasira inatoka yenyewe na kukuumiza, na dawa yake ni mwenye hasira aitoe. Tunaita kutasa. Mwenye kinyongo anachukua funda la maji ya miwa, halimezi, anaitaja hasira yake, halafu analitema kama manyunyu na hasira iende nalo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mambo hayo hakuyafanya mbele ya watu, lakini hakuwahi kuacha kuyaamini. Na hesabu yake ilikuwa imekaa sawa kabisa: jioni amekasirika, asubuhi mtoto anaumwa. Ungemwambia nini?

Tulipanda Mghange wote, Jumapili, baada ya ibada. Nyumba ya Nyanya ilikuwa kwenye mteremko, na nyuma yake palikuwa na miwa na ukungu unaotembea. Nyanya alikuwa amekamua miwa ile asubuhi. Maghanga aliketi kwenye gogo, amefumba macho kwa sababu ya mwanga, ingawa jua halikuwapo. Baba alivua kofia.

"Nilikasirika," alisema, "kwa sababu mwanangu alinikana. Nilikuwa nimekwenda kumwona, akasema sikwenda. Iliniuma. Nikaificha, nikanyamaza nayo, na sasa inamla. Naitoa. Iende bondeni na maji haya, isirudi. Mwanangu apone kichwa. Akacheze, akashinde, na mimi nitakwenda kumtazama bila kujificha." Akachukua funda, akalitema, manyunyu yakamwangukia Maghanga usoni na kifuani. Akarudia. Kaka yangu alifungua macho akatabasamu, akalamba mdomo. "Ni matamu," alisema, na Nyanya akacheka, na Baba akamkumbatia kichwa, nakumbuka hivyo, alikishika kile kichwa kwa mikono yote miwili akakibana tumboni kwake. Njiani tukirudi waliongea wao wawili mpaka Mama akaniminya mkono kwa furaha.

Na akapona. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifika. Angeendelea kuumwa Mama asingemruhusu kucheza, angemfungia nguo za mchezo. Lakini wiki ile pazia lilifunguliwa. Alikula. Alinikimbiza kuzunguka karakana. Alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Yalibaki mambo madogo tu, kama kukunja uso mchana na kuuliza kitu alichokwisha kuuliza, na nani anahesabu mambo madogo nyumba ikiwa na furaha? Baba na yeye walipiga randa pamoja jioni. Mwalimu Kilonzo alipokuja kuuliza, Baba mwenyewe ndiye aliyemjibu. "Amepona, Mwalimu. Lilikuwa jambo la nyumbani, tumelimaliza."

Siku ya fainali Baba aliandika kwa rangi kwenye kipande cha ubao, akakitundika mbele ya karakana: LEO FUNDI YUKO UWANJANI. Alivaa koti la kanisani. Tulikaa mbele kabisa, yeye na Mama na mimi, na watu walikuwa wengi mpaka wengine wamepanda juu ya malori. Sitawaeleza mechi yote. Ndovu walikuwa wanaongoza, na muda ulikuwa unayoyoma, na Maghanga alikuwa ameshika mpira. Aliguswa. Ndilo neno ninaloliona. Halikuwa pigo. Bega la mtu lilimpitia kwenye taya, mwamuzi hata hakupuliza filimbi, na watu hata hawakusema aah. Maghanga aliutoa mpira kwa mwenzake, akasimama, akavuta soksi yake juu. Kisha akaketi. Kisha akajilaza ubavu, polepole, mkono chini ya shavu.

Mama ndiye aliyekimbia kwanza. Upande wa pili wa uwanja hawakuona kitu, na filimbi ya mwisho ilipolia watu waliingia uwanjani wanacheza. Walikuwa wanabeba kombe upande huu na sisi tunambeba yeye upande ule, tukipishana na watoto wanaoruka. Mwalimu Kilonzo alimpakia kwenye pikapu ya chuo na kuendesha huku akipiga honi, na watu barabarani walidhani ni honi ya ushindi, wakatupungia mikono.

Hospitali walimpokea mbio. Tuliketi kwenye benchi la nje. Baada ya muda nesi alisema hali ni mbaya lakini wanajitahidi, na Mama, ambaye hakujua kukaa bila kufanya kitu, alisema akiamka atataka uji. Akaita bodaboda akaenda nyumbani kuupika. Hakuwa amefika mbali nadhani, daktari alipotoka.

Alikuwa daktari wa kike, kijana, na miwani. Alimwita Baba kwenye chumba kidogo, na mimi nikafuata kwa sababu hakuna aliyenikataza. Alimwambia Maghanga ameaga dunia. Alisema ubongo ulivimba haraka sana na hakukuwa na njia. Baba alisimama na kofia yake mkononi.

"Daktari, ni mimi," alisema. "Nilikuwa na hasira naye. Niliitoa, lakini lazima ilibaki. Kuna mahali ilibaki."

Daktari hakumcheka. Alimwomba aketi. Akamuuliza kama kabla ya leo Maghanga aliwahi kugongwa kichwa. Baba akasema michezo ile kugongana ni kawaida. Akauliza kama kuna siku baada ya mechi alisahau mambo, au alitembea vibaya, kama mtu aliyelewa.

"Hapana," Baba alisema. "Kutembea alitembea kwa mbwembwe tu, ile siku ya Mombasa. Aliwachekesha watu. Watoto mji mzima wanamwiga."

"Wanamwiga vipi?"

Baba alinitazama. Daktari naye akanitazama. Mimi nilikuwa nimesikia neno aga dunia, na nililijua, lakini lilikuwa bado halijanifikia. Nilichoelewa ni kwamba wanataka kuona kitu, na kwamba mimi ndiye ninayekijua kuliko wote, na nikikionyesha vizuri huenda kikasaidia. Nikasimama katikati ya chumba. Nikalegeza magoti, nikaning'iniza mkono, nikapapasa ukuta usiokuwapo. Hatua tatu huku, mbili kule, nikaizunguka meza yake, nikamalizia kwa kuketi kwenye kiti kisicho changu, kama yeye alivyoketi.

Daktari alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Basi, mwanangu," alisema. "Basi. Inatosha."

Kisha akamweleza Baba, taratibu, kwa Kiswahili chepesi. Kwamba siku ile ya Mombasa ubongo ulikuwa umeumia. Kwamba ule mwendo ndio ulikuwa kuumia kwenyewe. Kwamba mtu akiumia hivyo anaweza kufuta saa nzima kichwani, asikumbuke aliongea na nani. "Hakukukana, mzee. Kwake yeye kweli hukuja." Kwamba maumivu yalipopungua kidonda kilikuwa hakijafunga, na kikiguswa tena kabla ya kufunga, hata kidogo, ndivyo inavyokuwa. Angepumzishwa mpaka kipone kabisa, angeishi. Haikuwa hasira ya mtu yeyote.

Alidhani anamwondolea Baba mzigo. Hata mimi nilidhani hivyo miaka mingi.

Tulirudi kwenye benchi. Kutoka mjini kelele za kombe zilikuwa zinafika, ngoma na honi. Baba aliketi amenyoosha mikono juu ya magoti, ile mikono ya seremala, na mimi niliketi karibu naye nikingoja alie ili na mimi nijue kama ni wakati wa kulia. Hakulia.

"Mimi ndiye niliyesema amepona. Afadhali ingekuwa hasira yangu," alisema, si kwangu. "Hasira ningeitoa tena."

Halafu akaniambia nikaangalie getini kama Mama amefika. Nikaenda. Alikuwa anateremka kwenye bodaboda, ameshikilia flaski ya uji kwa mikono miwili, na alikuwa amebadilisha leso, amejifunga ile nzuri.